Taabu ya Nyumba Ile Imetoka Wapi? Tabaka la Wafanyakazi katika Vichekesho vya Televisheni

Ralph Kramden anaendesha basi jijini New York. Archie Bunker anasimamia wapakiaji mizigo katika jiji hilohilo. Alf Garnett ni kibarua wa gatini mashariki mwa London, na Del Trotter anachuuza bidhaa zisizojulikana zilikotoka kusini mwa mji huo. Wanaume hawa wa kubuni wametenganishwa na bahari na miongo, lakini anayewatazama kwa zamu ataona ndugu wa baba mmoja: wana sauti kubwa, hasira zao ziko karibu, wanajiona werevu kuliko walivyo, na mipango yao huporomoka mbele ya wake zao au jamaa zao wenye busara zaidi. Televisheni ya Marekani na ya Uingereza imekuwa ikiwarudia watu wa namna hii tangu miaka ya 1950, na imewauza duniani kote, Afrika Mashariki ikiwamo.

Mjadala kuhusu wahusika hawa kwa kawaida hukwama katika swali la kama wanatoa picha nzuri au mbaya ya tabaka la wafanyakazi. Naona swali hilo halifiki mbali, kwa sababu mhusika anaweza kupendwa na kila mtu na bado akaeneza uongo kuhusu umaskini. Swali lenye uzito ni jingine: ndani ya hadithi yenyewe, taabu ya familia inaonyeshwa kuwa imetoka wapi? Je, imetoka kichwani mwa baba mwenye tamaa na papara, au imetoka katika mshahara, kodi ya nyumba, ankara ya umeme na amri za mwajiri? Vichekesho vingi vimejibu kwamba imetoka kichwani mwa baba, na sababu za kujibu hivyo zimo katika namna vichekesho hivi vinavyotengenezwa zaidi kuliko katika chuki ya mwandishi mmoja mmoja.

Tuanze na umbo lenyewe. Kichekesho cha familia cha televisheni kinahitaji wahusika walewale, mahali palepale, wiki baada ya wiki, ili mtazamaji aliyekosa sehemu tatu aweze kuketi na kuielewa ya nne bila kuuliza. Kwa hiyo kila sehemu huvuruga hali ya nyumbani kwa muda wa nusu saa kisha hurudisha mambo yalipokuwa. Katika The Honeymooners, ambayo sehemu zake 39 zilizo maarufu zaidi zilirushwa na kituo cha CBS mwaka 1955 na 1956, hali hiyo ya nyumbani ni chumba kimoja kitupu huko Brooklyn, chenye meza, viti, sinki, jiko, na sanduku la barafu wakati majirani wa Marekani wanajaza majokofu ya umeme. Ralph, aliyeigizwa na Jackie Gleason, analipwa dola 62 kwa wiki. Mara kwa mara anabuni mradi wa kumtajirisha, mara kwa mara mradi unamwangukia, na mkewe Alice, ambaye alikwisha kumwonya, anabaki kumsamehe.

Mradi hauna budi kuanguka, kwa sababu ukifaulu familia itahama, na familia ikihama kipindi kimekwisha. Hapo ndipo umbo linapoanza kufanya kazi ya itikadi bila mtu yeyote kukusudia. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na Father Knows Best, kichekesho cha familia ya Jim Anderson, wakala wa bima mwenye nyumba kubwa na watoto watatu. Kipindi hicho nacho kilifuata kanuni ya kurudi mwanzo, lakini mwanzo wa akina Anderson ulikuwa sebule yenye nafasi na baba anayesikilizwa, na kurudi huko kila wiki kulionekana kuwa amani. Mwanzo wa akina Kramden ulikuwa chumba kile kitupu, na kurudi huko kulionekana kuwa adhabu. Isitoshe, kwa kuwa tamthilia yote huchezwa na watu wanne ndani ya chumba, yaani Ralph, Alice na majirani wao wawili, kosa lililoleta anguko hutafutwa miongoni mwa hao wanne. Kampuni ya mabasi hutajwa, na wakubwa wake huonekana mara moja moja, lakini haiulizwi kwa nini dereva wake wa miaka mingi anaishi bila jokofu. Anayeulizwa ni Ralph, na jibu ni kwamba ana mdomo mkubwa na tamaa.

Ushahidi bora wa jambo hili ninaoujua uko Uingereza. Only Fools and Horses, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1981, ilimhusu Del Trotter na mdogo wake Rodney, wachuuzi wa Peckham waishio katika ghorofa ya nyumba za halmashauri, na ahadi ya Del kwamba mwaka ujao wakati kama huu watakuwa mamilionea ilijulikana na nchi nzima. Mwandishi John Sullivan, mtoto wa fundi bomba wa kusini mwa London, aliwapenda watu hawa na aliwajua. Katika Krismasi ya mwaka 1996 aliwatimizia ahadi: miongoni mwa takataka zao waligundua saa ya kale iliyouzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 6, na watazamaji zaidi ya milioni 24 walishuhudia. Sehemu hiyo ilikusudiwa kuwa ya mwisho, na ilikuwa sawa iwe ya mwisho, kwa maana maskini wa kichekesho aliyetajirika hana kazi tena. Kipindi kiliporudishwa mwaka 2001, jambo la kwanza lililobidi kufanywa ni kuwafilisi.

Sababu ya pili ni fedha. Miaka ya mwanzo ya televisheni ya Marekani ilikuwa na familia za wafanyakazi kuliko wengi wanavyokumbuka, nyingi zikiwa zimehamia kutoka redioni: Wayahudi wa Bronx katika The Goldbergs, familia ya fundi seremala kutoka Norway katika Mama, na Chester Riley, mfanyakazi wa kiwanda cha ndege huko California. Mwanahistoria George Lipsitz aliandika mwaka 1986 kwamba vipindi hivi vilikuwa na kazi ya kuwashawishi watu waliolelewa katika shida za miaka ya 1930, waliofundishwa kuogopa deni na kuheshimu akiba, kwamba sasa kununua kwa mkopo ni halali na hata ni upendo kwa familia. Kazi hiyo ilipokwisha, wahusika wenyewe hawakuhitajika sana. Makampuni yaliyokuwa yakilipia vipindi yaliuza magari, sabuni na majiko, na bidhaa hizo hupendeza zaidi zikiwa ndani ya nyumba ya vitongoji vipya yenye bustani mbele. The Honeymooners yenyewe ilidhaminiwa na magari ya Buick, jambo linalotufanya tufikiri, kwa sababu hakuna mtu katika kipindi kile ambaye angeweza kulinunua gari hilo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, baba wa kichekesho cha familia alikuwa mara nyingi mtu wa ofisini, ambaye kazi yake haielezwi na mshahara wake hauna mwisho.

Mwanasosholojia Richard Butsch, ambaye amechunguza vichekesho vya familia vya Marekani tangu mwaka 1946, ameonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni uhaba: familia za wafanyakazi wa mikono zimekuwa chache mno kwenye skrini zikilinganishwa na wingi wao nchini. La pili ni mpangilio. Baba wa tabaka la kati huonyeshwa akiwa na hekima, mke na mume wakisaidiana kulea, na tatizo la wiki likitoka kwa watoto. Baba mfanyakazi huonyeshwa akiwa yeye ndiye mtoto, mkewe akimlea pamoja na wanawe. Kwa kuwa jamii hiyo ilimtarajia mwanamume awe kichwa cha nyumba, kumvua uanaume huo lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini alivuliwa au kuachiwa kulingana na tabaka lake. Mke mwenye akili hapa hapati heshima kubwa kama inavyodhaniwa, maana akili yake hutumika kumrudisha mumewe kitini na wala haimtoi yeye mwenyewe jikoni.

Mwaka 1971 kituo cha CBS kilikuwa kikiviondoa vichekesho vyake vya mashambani ili kuwavuta watazamaji wa mijini na vijana, ambao wenye matangazo waliwathamini zaidi. Katika mabadiliko hayo ndipo Norman Lear alipoleta All in the Family, aliyoitoa katika kichekesho cha BBC cha Johnny Speight kuhusu Alf Garnett. Archie Bunker wa Lear, mkazi wa Queens, aliwasema vibaya Weusi, Wayahudi, wanawake na vijana, akabishana na mkwewe mwanafunzi, na kwa misimu mitano mfululizo kipindi chake kilikuwa cha kwanza kwa watazamaji nchini Marekani. Nia ya waandishi ilikuwa kuuaibisha ubaguzi. Wanasaikolojia Neil Vidmar na Milton Rokeach, waliowachunguza vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada na kuchapisha matokeo yao mwaka 1974, walikuta kwamba watazamaji wenye chuki nyingi za kibaguzi walielekea kuvutiwa na Archie na kuona kwamba katika mabishano yeye ndiye anayeshinda. Kila mtu alikuwa amecheka, ila hawakuwa wamecheka jambo moja.

Ugunduzi huo unatajwa mara nyingi, na ni sahihi kutajwa, lakini mimi naona kuna jambo zito zaidi katika Archie ambalo halihusu namna alivyoeleweka. Katika msimu wa kwanza anahangaika kuwazuia Weusi wasinunue nyumba jirani naye. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba kizuizi cha Mmarekani Mweusi kupata nyumba kilikuwa mzee mmoja asiyesoma mwenye kiti chake kikuukuu. Ukweli ni kwamba tangu miaka ya 1930 wakala wa serikali kuu wa kudhamini mikopo ya nyumba ulikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya Weusi iliyotiwa alama kwenye ramani, na mabenki yakafuata ramani hizohizo, na walioamua hayo walikuwa watu wa vyuo vikuu wenye lugha ya upole. Wakina Archie walikuwapo na walifanya mabaya yao. Hata hivyo, kichekesho kilipoubebesha ubaguzi wote mgongoni mwa mpakia mizigo, kiliwapa watu wa tabaka la kati nafasi ya kuketi na kuucheka kama jambo lisilowahusu. Kiti cha Archie kiliwekwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian mwaka 1978, ilhali meza za walioidhinisha ramani zile hazina mtu anayezijua.

Kisa cha Good Times kinaumiza zaidi, kwa sababu ndani yake wapo watu waliojua mapema kinachoharibika wakapigania kukizuia. Kipindi hicho, kilichoanza Februari 1974, kilikuwa cha familia ya Weusi ya akina Evans katika majengo ya serikali ya watu wa kipato cha chini jijini Chicago. Esther Rolle, aliyeigiza mama, alikubali kazi hiyo kwa sharti kwamba nyumba iwe na baba, kwa sababu alichoshwa na picha ya familia Nyeusi isiyo na mwanamume. Baba huyo, James, aliyeigizwa na John Amos, alikuwa mtu wa kuheshimika: alifanya vibarua viwili vitatu kwa siku, aliachishwa bila kosa, alitafuta tena. Katika sehemu za mwanzo taabu ilitoka nje ya mlango, ikawa ni notisi ya kufukuzwa kwenye nyumba, lifti mbovu, na kazi inayomtaka mtu mwenye cheti.

Kisha kijana wao mkubwa, J.J., alipata neno lake la kuchekesha, na umati uliokaa ukumbini ulilipuka kila alipolitamka. Waandishi walimwongezea nafasi wiki hadi wiki, na wale watoto wengine wawili, mmoja msomi na mmoja mwenye moyo wa siasa, wakasukumwa pembeni. Rolle alilalamika hadharani, katika jarida la Ebony mwaka 1975, kwamba kijana wa miaka 18 asiyefanya kazi na asiyefikiri anawekwa mbele kama kielelezo cha watoto Weusi. Amos alilalamika ndani ya chumba cha mazoezi, na mkataba wake haukuendelezwa. Namna walivyomwondoa inaonyesha ile kanuni ya kurudi mwanzo kwa ukatili wake wote: mwaka 1976, James alipokwisha kupata kazi nzuri Mississippi na familia ikiwa inafunga mizigo kuondoka Chicago, ilikuja habari kwamba amekufa katika ajali ya gari. Wakabaki pale pale. Rolle mwenyewe aliondoka mwaka uliofuata, akarudi baadaye kwa makubaliano. Walipotoka kwenye jengo lile hatimaye, ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa, mwaka 1979.

J.J. alichekwa kwa mwili wake, kofia yake na sauti yake, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki atatambua jambo analolijua. Nchini Kenya, tabaka katika vichekesho hubebwa na lafudhi. Katika Vioja Mahakamani, kipindi cha miaka mingi cha kituo cha taifa, washtakiwa ni wachuuzi, walevi na wagomvi wa mitaa ya kawaida, wanaozungumza Kiswahili chenye alama nzito za lugha zao za mama, huku hakimu akizungumza kile kilichonyooka. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, mhusika mkuu ni mlinzi, na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimpa lafudhi ya magharibi mwa Kenya iliyoungana na kazi hiyo akilini mwa watazamaji kiasi kwamba soja wa geti na mtu wa kabila fulani vilikuwa kama kitu kimoja. Kosa hapa lina sura mbili, kwa sababu hali inayotokana na mshahara mdogo inahamishiwa katika asili ya mtu, na asili haipandishwi mshahara. Lakini ni lazima nimtendee Bukeko haki. Shirandula wake anafanya kazi tunayoiona akiifanya, analinda mali isiyo yake, ananyenyekea mbele ya wakubwa kisha anawasema wakishapita, na mamilioni ya watu wanaofungua mageti ya wengine walipata nusu saa ya kuwa kiini cha hadithi. Heshima ile aliyoliliwa nayo alipofariki ilikuwa ya kweli.

Swali basi ni kama umbo lenyewe linaweza kupindwa. Mwandishi na mwigizaji wa Uingereza Caroline Aherne, aliyekulia katika mtaa wa Wythenshawe, Manchester, alilipinda kwa kuondoa mipango yote. Familia yake katika The Royle Family, kuanzia mwaka 1998, inakaa mbele ya televisheni, inavuta sigara na kusengenya, na hakuna vicheko vilivyorekodiwa vya kumwelekeza mtazamaji. Hakuna mradi, kwa hiyo hakuna anguko la kuadhibiwa. Ni kazi ya upendo mkubwa, ingawa kwa kumweka baba kwenye kochi jioni baada ya jioni iliwaachia pia nafasi wale waliotaka kuona uvivu.

Roseanne ilifika mbali zaidi. Ilianza kwenye kituo cha ABC Oktoba 1988, ikiwa na Roseanne Barr, ambaye alikuwa amewahi kuhudumia wateja mikahawani kabla ya kuwa mchekeshaji wa jukwaani, na ambaye aligombana vikali na wakubwa wa kipindi hadi akapata neno la mwisho juu ya mama huyu azungumze nini. Familia ya akina Conner inaishi Lanford, mji wa kubuni wa Illinois. Roseanne na Dan ni wanene, wana kelele na wanataniana, yaani wana alama zote za zamani, lakini hakuna kati yao aliye mjinga. Kinachowaangusha kina anwani. Mwishoni mwa msimu wa kwanza msimamizi mpya wa kiwanda cha plastiki anapandisha viwango vya uzalishaji, na Roseanne na wenzake wanaacha kazi pamoja. Kisha tunamwona akifagia nywele saluni, akiuza bidhaa kwa simu, akibeba sahani. Dan anafungua karakana ya pikipiki na inafilisika. Umeme unakatwa kwa sababu ankara haikulipwa. Familia inarudi mwanzo kama kawaida ya vichekesho, ila safari hii mtazamaji ameonyeshwa mkono unaoirudisha. Wenye matangazo walioamini kwamba watu hawataki kuona mambo kama haya walipata jibu katika msimu wa 1989 na 1990, ambapo Roseanne ilikuwa kileleni mwa orodha ya vipindi vilivyotazamwa zaidi.

Mwaka 2018 ilirudi, na Roseanne na Dan, sasa wazee, wakaonekana wakigawana vidonge kwa sababu bima haikulipia dawa zote, naye Roseanne akiwa na goti bovu asiloweza kumudu gharama za kulipasua. Mwezi Mei Barr aliandika mtandaoni maneno ya kibaguzi dhidi ya mwanamke Mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Obama, na ABC ikakifuta kipindi siku hiyohiyo. Wenzake waliendelea kwa jina la The Conners, wakiwa na kazi ngumu ya kumwondoa mama wa nyumba. Waliamua kwamba alikufa kwa kuzidisha dawa kali za maumivu, zilezile za goti. Katika sehemu ya kwanza, Dan anajua jina la mwanamke mmoja aliyempa mkewe vidonge na anamtangaza mbele ya mji mzima kuwa ndiye muuaji. Mwanamke huyo anakuja mlangoni, naye ana maumivu yake na utegemezi wake, na inabainika kwamba majirani walikuwa wakipeana dawa hizo kwa kuwa hakuna aliyemudu kwenda hospitali.